Acheni Kuisingizia Seva!

"Mtandao uko chini."

Hakuna Mkenya ambaye hajaambiwa maneno haya. Umepanga foleni kwenye kaunta ya chama cha akiba na mikopo, au kwenye dirisha la kulipia hospitalini, au kwenye ofisi ya karo chuoni. Karani anakutazama kwa huruma, anageuza skrini kidogo ili uone kile kiduara kinachozunguka, kisha anakwambia subiri kidogo, mtandao uko chini. Nawe unasubiri. Utafanyaje?

Leo nataka kusema jambo ambalo wenzangu katika kazi hii hawapendi lisemwe mbele ya watu. Mara nyingi mtandao hauko chini hata kidogo! Kebo iko sawa, swichi iko sawa, na seva iko macho inafanya kazi kuliko punda. Shida ni kwamba inafanya kazi ya kipuuzi. Kuna mtu aliyeipa kazi hiyo miaka mitatu iliyopita, akalipwa, akaondoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kuangalia.

Halafu mambo yakizidi kuwa mabaya, mtaalamu huitwa na kuulizwa kulikoni. Jibu la wengi ni lile lile kila mwaka: seva ni ndogo, tununue kubwa.

Mimi jibu hilo nalipinga. Silipingi kwa sababu seva kubwa ni kitu kibaya. Nalipinga kwa sababu hutolewa KABLA ya mtu kuangalia chochote. Daktari akikuandikia upasuaji kabla hajakupima hata joto, utamwita daktari? Sasa mbona wa tarakilishi tunamwita mtaalamu?

Nitoe mfano. Si zamani sana niliitwa na chama kimoja cha akiba na mikopo, jina lake nitalihifadhi. Kampuni iliyowauzia mfumo nayo nitaihifadhi. Kampuni hiyo ilikuwa tayari imeleta karatasi ya bei ya seva mpya, na kamati ilikuwa imebakisha kutia sahihi. Meneja, mzee mmoja mpole, akaniambia, "Kijana, tuangalizie kwanza. Pesa hizi ni za wanachama."

Ombi dogo kama hilo, la kuangalia kwanza, kampuni iliyokuwa ikilipwa ada ya matengenezo kila mwaka haikuwa imelitimiza hata mara moja.

Nilichofanya si uchawi. Niliiambia hifadhidata iandike kila swali linalochukua zaidi ya sekunde moja, nikasubiri siku ya soko ipite. Jioni daftari lilikuwa limejaa swali moja lililojirudia mamia ya mara. Lilikuwa hivi, ila tarakimu nimezificha:

SELECT * FROM miamala WHERE simu LIKE '%712xxxxxx' ORDER BY tarehe DESC;

Iangalie ile alama ya asilimia mwanzoni mwa nambari. Ndiyo mwizi wetu.

Kwa nini iko pale? Kwa sababu sisi Wakenya tunaandika nambari ya simu kwa namna nyingi. Karani mmoja aliandika 0712, mwingine 254712, mwingine +254712, na mwingine akatia nafasi katikati. Mwanaprogramu hakutaka kusumbuka kusafisha nambari wakati zinaingia. Akaona rahisi kuiambia hifadhidata: nitafutie yeyote ambaye nambari yake inaishia na tarakimu hizi tisa. Siku ya kuonyesha mfumo kwa kamati kulikuwa na rekodi mia tano. Jibu lilikuja mara moja. Kamati ikapiga makofi, hundi ikaandikwa.

Hebu chukua kamusi. Nikikwambia unitafutie neno "vunjika", utafungua herufi V, utasogeza kurasa chache, umelipata. Lakini nikikwambia unitafutie maneno yote yanayoishia na "-ika", utafanyaje? Fungika, sikika, vunjika, pasuka halimo, andikika limo... Utaisoma kamusi NZIMA, kutoka A hadi Z, neno kwa neno. Mpangilio wa alfabeti haukusaidii kitu, maana wenyewe unaanzia mbele na wewe umeuliza kwa nyuma. Faharasa ya hifadhidata iko hivyo hivyo. Ukiuliza kwa mkia wa neno, faharasa ya kawaida inawekwa kando na jedwali lote linasomwa.

Tupige hesabu ili mtu asiseme ninatia chumvi. Chukua jedwali la miamala lenye rekodi milioni 4, kila rekodi baiti 200 hivi. Hiyo ni megabaiti 800. PostgreSQL huhifadhi data katika kurasa za kilobaiti 8, kwa hivyo ni kurasa karibu 100,000. Kila karani akimtafuta mwanachama mmoja, kurasa hizo zote zinapitiwa. Makarani kumi wakitafuta kwa wakati mmoja, seva inalinganisha rekodi milioni 40 ili watu kumi waone akaunti zao!

Sasa njia ya faharasa. Faharasa ya kawaida ni mti wa aina ya B, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa katika maabara ya Boeing, na kuchapishwa mwaka 1972. Ukurasa mmoja wa mti huo unaweza kubeba nambari za simu kama 250. Basi ngazi tatu zinatosha nambari 250 mara 250 mara 250, yaani zaidi ya milioni 15. Unasoma kurasa tatu kushuka mtini, halafu unakwenda kuchukua rekodi zenyewe. Kama mwanachama ana miamala 60 iliyotawanyika kila mahali, ni kurasa 60 nyingine. Jumla haifiki 70.

Sabini dhidi ya laki moja. Niambie sasa, ni seva gani utanunua itakayoziba pengo hilo?

Dawa ilikuwa kuzisafisha nambari zote ziwe za mtindo mmoja wa tarakimu kumi na mbili kuanzia 254, mtindo ule ule ambao M-Pesa hutumia katika mawasiliano yake na programu za watu wengine. Kisha mfumo ukabadilishwa usikubali nambari ya mtindo mwingine, alama ya asilimia ikaondolewa, faharasa ikaundwa. Na faharasa huundwa watu wakiendelea na kazi, maana amri ya CREATE INDEX CONCURRENTLY imekuwamo katika PostgreSQL tangu toleo 8.2 la mwaka 2006. Seva haikununuliwa. Kampuni haikufurahi.

Najua atakayesimama aseme, "Lakini RAM ni rahisi siku hizi! Weka RAM ya kutosha, jedwali lote likae ndani, hata ukilisoma lote ni haraka." Hoja hii nitaijibu kwa heshima, kwa sababu ina ukweli nusu. Ni kweli, megabaiti 800 zikiwa ndani ya RAM zitasomwa haraka kuliko zikiwa kwenye diski. Lakini kazi haijapungua, imehamishwa tu kutoka diski hadi kwenye prosesa. Makarani kumi watazishika prosesa zote, na wa kumi na moja atangoja. Na zaidi ya yote, jedwali linakua. Miamala ikiwa mara mbili, kazi ya kusoma jedwali zima inakuwa mara mbili, nawe utarudi kuomba seva nyingine. Ile ya faharasa haiongezeki hivyo. Kutoka rekodi milioni 4 hadi milioni 8, mti ule bado ni wa ngazi tatu. Umenunua RAM? Umenunua miezi kadhaa. Umeunda faharasa? Umepata miaka.

Wengine nao alama ya asilimia hawaitumii, lakini wanaiua faharasa kwa njia nyingine. Wa kwanza anaandika WHERE YEAR(tarehe) = 2024. Faharasa imepangwa kwa tarehe, wewe umeificha tarehe ndani ya fomula, kwa hivyo hifadhidata inabidi ipige hesabu kwa kila rekodi. Andika tarehe kuanzia Januari 1, 2024 na kabla ya Januari 1, 2025, na faharasa itatumika. Wa pili yuko MySQL, amehifadhi nambari za simu kama maandishi, kisha anauliza bila alama za kunukuu, kana kwamba ni nambari ya hesabu. MySQL inalazimika kugeuza kila maandishi kuwa nambari kabla ya kulinganisha, na faharasa haitumiki. Alama mbili za kunukuu tu! Vitu vidogo hivi ndivyo vinavyomfanya mama wa watu asimame saa nzima kwenye foleni akiwa na mtoto mgongoni.

Haya, tuache maswali mabaya tuingie kwenye uchafu.

Wengi wanaotumia PostgreSQL hawajui kwamba ukiiambia ibadilishe rekodi, haiifuti ile ya zamani. Inaandika nakala mpya kando na kuiacha ya zamani pale pale, maana huenda kuna mtu aliyeanza kusoma kabla yako na bado anastahili kuiona hali ya awali. Ni mpango mzuri sana. Wasomaji hawawazuii waandishi, na waandishi hawawazuii wasomaji. Lakini nakala zile za zamani hubaki kama maganda ya ndizi sokoni jioni. Lazima mtu apite na fagio, na fagio hilo linaitwa VACUUM.

Angalia jedwali la foleni ya SMS, ambalo karibu kila mfumo wa hapa kwetu unalo. Ujumbe unaingia ukiwa "unasubiri". Unabadilishwa kuwa "umetumwa". Unabadilishwa tena kuwa "umefika". Mwishowe unafutwa. Ujumbe mmoja umeacha nakala tatu zilizokufa. Ukituma SMS 50,000 kwa siku, hizo ni nakala 150,000 kila siku, na kwa mwezi ni milioni 4 na nusu. Usiku wa manane ukihesabu rekodi hai ndani ya jedwali hilo utakuta hakuna hata moja, ilhali faili lake kwenye diski limenenepa kama gunia la mahindi. Na kila mara programu inapouliza "kuna ujumbe unaosubiri?", inapita katikati ya makaburi hayo yote.

Sasa sikiliza kioja. PostgreSQL ina mfagizi wake anayejituma mwenyewe, autovacuum, ambaye huja akiwa amewashwa tangu toleo 8.3 la mwaka 2008. Huhitaji kumlipa. Na bado nimekuta seva ambazo mtu AMEMZIMA! Kisa? "Alikuwa anakula diski saa za kazi." Ndugu yangu, unamfukuza mfagizi kwa sababu fagio lina kelele? Taka utazipeleka wapi?

Na hata ukimzima, hujamzima kabisa. Kila muamala PostgreSQL huupa nambari, na nambari hizo ni za biti 32, yaani kama bilioni 4 tu, zinazotumika kwa mzunguko. Katika mzunguko huo, kila muamala huona nambari kama bilioni 2 nyuma yake na bilioni 2 mbele yake. Rekodi za kale zisipotiwa muhuri na mfagizi, itafika siku zile za zamani zionekane kama ni za siku zijazo. Ili kuzuia balaa hilo, hifadhidata humwita mfagizi kwa lazima, hata kama umemzima. Akishindwa kumaliza kwa wakati, hifadhidata inakataa kuandika chochote kipya. Inagoma, na ina haki ya kugoma.

Hizi si hadithi za kutisha watoto. Sentry, huduma inayotumiwa na wanaprogramu ulimwenguni, iligomewa namna hii Julai 2015. Mandrill, huduma ya barua pepe ya Mailchimp, ilipatwa na jambo lile lile Februari 2019. Wote wawili walieleza hadharani kilichotokea, na nawaheshimu kwa hilo. Hao ni watu wenye wahandisi na pesa. Fagio lilishindwa kwenda na kasi ya kazi, basi. Wewe mwenye seva moja chini ya meza ya mhasibu, umemzima mfagizi ukitegemea nini?

Kitu cha kufanya ni kinyume: mfanye apite mara nyingi zaidi, kidogo kidogo. Inavyokuja, autovacuum hungoja mpaka nakala zilizokufa zifike asilimia 20 ya jedwali, na 50 juu yake. Kwa jedwali la rekodi elfu moja, hiyo ni sawa. Kwa jedwali la rekodi milioni 10, anangoja taka milioni 2 ndipo ashike fagio! Ndiyo maana akija anakuja na kishindo, na ndiyo maana ukamchukia. Punguza kiwango hicho kwa jedwali hilo moja:

ALTER TABLE miamala SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.01);

Sasa atakuja kila zikifika laki moja hivi, apite kimya kimya aondoke. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta katika PostgreSQL unaitwa VACUUM FULL. Huo hulifunga jedwali lote kwa kufuli, hata wa kusoma tu asiingie, na kuliandika upya lote, huku ukihitaji nafasi ya diski ya kuweka nakala nzima mpya. Nimewaona watu wakiuendesha saa tano asubuhi siku ya kazi. Kisha makarani wanaambiwa waseme nini? Mnajua.

Kuna mchafuzi mwingine ambaye hata mfagizi mwenye bidii hamwezi. Ni yule aliyefungua muamala asubuhi kwa ajili ya ripoti, akaacha skrini wazi, akaenda kunywa chai. Mradi muamala wake uko wazi, PostgreSQL haiwezi kuondoa nakala ambazo huenda bado anazihitaji. Jedwali linavimba kutwa nzima kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hayupo hata kwenye kiti! Tazama pg_stat_activity, utamwona ameandikwa "idle in transaction" tangu saa mbili asubuhi. Tangu toleo 9.6 la mwaka 2016 kuna mpangilio wa kumkatia mtu kama huyo baada ya muda uutakao, unaitwa idle_in_transaction_session_timeout. Weka dakika kumi. Atalalamika, umpe chai nyingine.

Upande wa MySQL ugonjwa ni tofauti. Huko kosa si kutofagia, ni kufagia kwa imani. Kuna watu wameweka kazi ya usiku ya OPTIMIZE TABLE kwa majedwali yote, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Ukiwauliza inafanya nini, watakwambia "inaboresha." Inaboresha nini? Kimya.

Desturi hiyo ilianza enzi za MyISAM, ambapo rekodi zikifutwa ziliacha mashimo ndani ya faili na amri hiyo iliyaziba. Lakini InnoDB ndiyo imekuwa injini inayokuja na MySQL tangu toleo 5.5 la mwaka 2010. Kwa InnoDB, OPTIMIZE TABLE maana yake ni kulijenga jedwali upya lote na kukusanya takwimu zake. MySQL yenyewe inakwambia hivyo kwenye jibu lake, kama ungelisoma! Ukiwa umefuta nusu ya jedwali na unataka diski yako irudi, endesha, ni halali. Lakini kila usiku, kwa jedwali ambalo halijafutwa kitu, unalinakili jedwali zima ili upate jedwali lile lile. Ni kama kuhamisha vyombo vyote vya nyumba nje kila usiku na kuvirudisha, kisha asubuhi useme umefanya usafi.

Jambo la mwisho katika usafi ni takwimu, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Hifadhidata haikisii ovyo njia ya kufuata. Tangu kazi ya Patricia Selinger na wenzake wa IBM iliyochapishwa mwaka 1979, hifadhidata hupima gharama ya kila njia na kuchagua ile nafuu. Lakini hupima kwa takwimu: jedwali lina rekodi ngapi, thamani ipi imejirudia mara ngapi. Takwimu zikiwa za uongo, uamuzi utakuwa wa uongo. Umepakia rekodi laki tatu sasa hivi kutoka kwenye faili la tawi jipya, na mara moja unaendesha ripoti, huku takwimu zikisema jedwali lina rekodi tatu. Hifadhidata inachagua kwenda kutafuta moja moja. Ni kama kumtuma mtu Gikomba akanunue shati moja moja kwa sababu uliambiwa wateja ni watatu, kumbe ni laki tatu. Atakwenda na kurudi mpaka mwaka uishe, na kosa si la miguu yake. Amri ya ANALYZE ingemwambia akodishe lori. Basi ukipakia data nyingi kwa mpigo, usiondoke kabla ya kuiendesha.

Sasa nirudi kwa watu, maana hili si jambo la mashine.

Nani analipa gharama ya uzembe huu? Kampuni ya mfumo hailipi, inauza seva. Muuza seva halipi, anapata faida. Anayelipa ni mwanachama ambaye akiba yake imenunua chuma kisichohitajika, na ambaye bado atasimama kwenye foleni mwaka ujao. Na anayelipa wa pili ni kijana aliyeajiriwa kuangalia mitambo, ambaye kila siku ya soko anafokewa kwa kosa ambalo hakuonyeshwa jinsi ya kuliona.

Kuna wa tatu pia, na hili linaniuma zaidi. Ni sisi wanaprogramu wa hapa nyumbani. Mfumo ulioandikwa Nairobi au Mombasa au Eldoret ukiwa mzito, kamati haisemi "faharasa haipo." Inasema, "Hawa vijana wetu hawawezi, tununue mfumo kutoka nje." Wanalipa leseni kwa dola kila mwaka, na kazi ambayo ingewalisha vijana wetu inapanda ndege. Swali moja lenye alama ya asilimia mahali pabaya linaweza kuharibu jina la watu wengi. Kwa hivyo mtu akiniambia mambo haya ni madogo, ya kiufundi tu, nitamwambia aangalie tena.

Sisemi faharasa ni dawa ya kila kitu. Faharasa nyingi mno nazo ni ugonjwa, kwa sababu kila rekodi inayoingia lazima iandikwe katika kila faharasa. Nimeona jedwali la safu tisa likiwa na faharasa kumi na nne, nyingine zikifanana kabisa! PostgreSQL itakuonyesha ambazo hazijawahi kutumika, ziko ndani ya pg_stat_user_indexes. Ukishahakikisha si za kulinda upekee wa nambari fulani, zifute. Wala sisemi usinunue seva kamwe. Siku itafika utahitaji, na siku hiyo uwe na ushahidi mkononi. Ninachosema ni kuangalia kwanza, basi.

Kuangalia kwenyewe hakuhitaji shahada. Kwanza washa daftari la maswali mazito. MySQL huja likiwa limezimwa, na hata ukiliwasha linangoja swali lifike sekunde 10 ndipo liliandike. Sekunde kumi! Mteja ameshapiga miayo mara tatu. Weka sekunde moja. Katika PostgreSQL mpangilio ni log_min_duration_statement, nao pia huja umezimwa. Pili, chukua swali linalojirudia zaidi na uliwekee EXPLAIN mbele. Ukiona "Seq Scan" juu ya jedwali kubwa katika PostgreSQL, au "ALL" katika safu ya aina kwenye MySQL, wakati unatafuta rekodi chache tu, umempata mwizi. Tahadhari moja: EXPLAIN ANALYZE huliendesha swali kweli kweli, kwa hivyo kwa DELETE au UPDATE tangulia na BEGIN na umalize na ROLLBACK. Tatu, tazama pg_stat_user_tables, uone nakala zilizokufa ni ngapi na mfagizi alipita lini mara ya mwisho. Kazi hii haimalizi asubuhi moja.

Na ninyi wanakamati, wenyekiti na waweka hazina, ambao hamkusomea mambo haya na wala si lazima msomee. Mtu akiwaletea karatasi ya bei ya seva mpya, muulizeni maswali matatu tu. Ni swali gani la hifadhidata lililo zito kuliko yote, na linachukua sekunde ngapi? EXPLAIN ilisema nini juu yake? Majedwali yetu makubwa yalifagiwa lini mara ya mwisho? Anayejua kazi yake atajibu yote matatu hata kabla chai haijapoa. Akianza kuzunguka zunguka, rudisheni kalamu mfukoni.